Siku Moja Ngome Kongwe: Panga Kuanzia Usiku

Mara ya kwanza nilipokwenda Sauti za Busara, tamasha la muziki la Unguja, nilizimaliza nguvu zote mchana. Nilishuka boti ya asubuhi kutoka Dar, nikazunguka Darajani, nikapotea mara tatu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, nikala urojo bakuli mbili, nikafuata gwaride la ufunguzi juani hadi jasho likanikaukia na kuacha chumvi shingoni. Ilipofika saa nne usiku, bendi niliyoivukia bahari ikawa inapanda jukwaani. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa Ngome Kongwe, nimelala fofofo, kiatu kimoja kimenivuka. Shangazi yangu, mzaliwa wa Mwembetanga, aliniamsha kwa kunifinya. "Mwanangu, umekuja kulala? Kitanda si kipo nyumbani?"

Tangu hapo naipanga siku ya tamasha kinyumenyume. Naanza na wimbo wa mwisho ninaotaka kuusikia nikiwa macho, kisha narudi nyuma saa kwa saa mpaka nafika kwenye chai ya asubuhi. Haya yafuatayo nimeyapata kwa kwenda, kukosea, na kwenda tena. Mengi yatakufaa hata ukienda Bagamoyo kwenye tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko, au kwenye muziki wa uwanja wa wazi mtaani kwenu, lakini mfano wangu ni Unguja kwa sababu ndiko nilikokosea zaidi.

Kwa asiyejua: tamasha hili lilianza 2004, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Busara Promotions wanaoliandaa, na limekuwa likifanyika kila Februari isipokuwa 2016, fedha zilipokosekana. Kitovu chake ni Ngome Kongwe, boma la mawe ambalo Waarabu wa Omani walilijenga baada ya kumtoa Mreno mwishoni mwa karne ya 17, mkabala na bustani ya Forodhani. Wanamuziki wote hupiga mubashara. Hakuna kuchezesha midomo juu ya santuri. Jambo hilo lina athari kwenye ratiba yako, nitalieleza.

Hatua ya kwanza: hakikisha tarehe kabla ya kuomba ruhusa kazini

Februari ni kaskazi. Joto ni kali, mvua ni chache, masika bado. Hilo ni rahisi. Lenye kuhitaji akili ni Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya Kizungu. Mwaka 2026 iliangukia katikati ya Februari, na ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 ya mwezi huohuo. Mwezi wa toba Zanzibar si mwezi wa ngoma, na mchana utazunguka sana kupata pa kula. Kwa hiyo usiseme "Februari ni Februari tu" ukakata tiketi ya boti kwa mazoea. Subiri waandaaji watangaze tarehe zao, halafu ndipo uongee na bosi.

Tiketi za tamasha hutofautiana bei kwa Mtanzania na mgeni wa mbali, na bei ya mwenyeji huidai kwa kitambulisho, si kwa kuongea Kiswahili kizuri. Nunua kwenye ofisi au mtandao wa waandaaji wenyewe. Vishoka wa getini wapo kama walivyo kwenye mechi za mpira, na wakati unagundua kwamba karatasi uliyouziwa ni ya jana, yeye ameshafika Michenzani.

Siku moja au zote? Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua siku moja, na iwe Jumamosi. Watu wengi hununua zote kwa tamaa ya bei nafuu, wakafika siku ya mwisho wamenuna na visigino vinauma. Ukiipenda, mwakani utarudi.

Hatua ya pili: soma ratiba kutoka chini kwenda juu

Chukua kalamu kabla ya yote. Ratiba huandikwa kwa saa za Kizungu, nasi tunahesabu kutoka kuchwa na kucha kwa jua. Unayajua haya, najua unayajua, lakini binamu yangu naye aliyajua. Aliona 8:30 PM, akili ikamwambia saa nane na nusu, akafika mchana wa jua la utosi akakuta fundi mitambo anajaribu spika: "moja, mbili, moja, mbili." Bendi yenyewe ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Andika saa za Kiswahili pembeni ya kila onyesho, kwa mkono wako.

Na tarehe pia. Kwa wazee wa pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo ukimwambia shangazi "tukutane usiku wa Jumamosi" atakungoja Ijumaa jua likizama. Kijana wa mjini atakungoja kesho yake. Halafu onyesho lililoandikwa 12:15 AM Sunday ni lilelile unaloliita Jumamosi saa sita na robo usiku. Nimeona familia nzima imegawanyika mafungu matatu kwa neno "Jumamosi". Taja tarehe kwa namba, mwisho wa mabishano.

Sasa chagua maonyesho matatu. Matatu tu, hata kama yapo manane. La kwanza liwe la msanii unayemjua na kumpenda. La pili liwe la mtu ambaye hujawahi kumsikia, na ikiwezekana huelewi hata lugha anayoimbia. La tatu liwe la Zanzibar yenyewe.

Hilo la tatu nasisitiza, kwa sababu wageni kutoka bara tuna tabia ya kuiruka taarabu tukidhani tumeshaisikia kwenye daladala. Hujaisikia. Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Ukikaa mbele ya kundi la namna hiyo, na ganuni, udi, fidla kadhaa, akodiani na dumbak vikiingia pamoja, utajua kwamba ile ya redio ya gari ni binamu wa mbali. Na kama kwenye ratiba kuna kidumbak, isogeze juu kabisa. Kidumbak ni taarabu iliyovua koti: fidla moja, sanduku linalotoa besi kwa kamba na fimbo, vigoma viwili vidogo, cherewa na mkwasa. Mwendo wake ni wa harusini, na hakuna anayekaa kitini.

Ukishapata yale matatu, chukua la usiku kabisa na uhesabu kurudi nyuma. Tuseme linaanza saa sita kasoro robo usiku. Basi saa nne uwe umekaa mahali, umevua viatu, unanywa kitu. Saa moja na nusu uwe ndani. Jua mwezi huo huzama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kwa hiyo kula ni kabla kidogo au mara tu baada ya magharibi. Na kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja alasiri uwe umelala. Kitandani, feni inazunguka, simu imezimwa. Saa hizi mbili ndizo siri nzima ya mwongozo huu, na ndizo watu wote niliowashauri huzikataa. "Nimelipa hela yote hii nikalale?" Ndiyo. Kalale.

Kuhusu muziki wa mubashara: kati ya bendi na bendi kuna pengo la kubadilisha vyombo, na katika pengo hilo uwanja mzima huelekea chooni na kwenye vinywaji kwa pamoja. Wewe nenda katikati ya onyesho ambalo hukulichagua. Foleni utakuta ni ya watu wawili.

Hatua ya tatu: boti na kitanda

Boti za kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Beba kitambulisho, maana utaulizwa. Kama bahari inakuchafua tumbo, kaa sehemu ya chini, katikati ya chombo, tazama upeo wa maji na usitazame simu. Bandarini wapagazi watalidaka begi lako kabla hujafikiri. Kama unataka kusaidiwa, patana bei kwanza. Kama hutaki, sema "ahsante, silitoi" na usilitoe kweli. Nje kuna mapapasi, madalali wa wageni, wenye kila kitu, nyumba, teksi, viungo, pomboo. Salimia, kataa, endelea kutembea.

Boti ya mwisho ya kurudi Dar huondoka alasiri, muziki wenyewe bado haujapamba moto. Hakuna ujanja wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lazima uwe na pa kulala, na wiki ya tamasha nyumba za wageni za Mji Mkongwe hujaa mapema. Ukiwa na ndugu Ng'ambo, Kwahani, Mwanakwerekwe au popote, mpigie simu mwezi mmoja kabla, siyo ukiwa umeshuka botini, na usiende mikono mitupu. Ukipanga chumba, uliza maswali mawili ambayo hayamo kwenye picha za mtandaoni: feni inafanya kazi umeme ukiwa mdogo? Na mlango wa nje hufungwa saa ngapi? Mimi niliwahi kurudi saa saba na nusu usiku kwenye nyumba moja nikakuta mlango wa Kizanzibari wenye misumari yake ya shaba umefungwa kwa ndani, mlinzi yuko ndotoni. Nilibisha hadi jirani wa ghorofani akanimwagia maneno. Misumari ile ni mizuri kuipiga picha, si kuilalia.

Chumba kiwe umbali wa kutembea kwa mguu kutoka Ngome, hata kama ni kidogo na cha bei zaidi. Bila hivyo huwezi kurudi kulala alasiri.

Hatua ya nne: mkoba

Mdogo, wa kuvaa kifuani au kiunoni. Walinzi hukagua getini, na begi kubwa litakuchelewesha wewe na wote walio nyuma yako. Mifuko ya plastiki sahau. Bara ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na Visiwani walitutangulia.

Ndani weka khanga. Hata mwanamume, weka. Sijaona chombo kinachoishinda khanga kwenye uwanja wa wazi: ni mkeka wa kukalia, kivuli cha kichwa mchana, kifuta jasho, shela ya usiku upepo wa bahari ukianza kupuliza, pazia la mtoto aliyelala, na ukikutana na nguo ya mtu iliyochanika utakuwa mkombozi. Chukua upande mmoja, doti nzima ni mzigo.

Pesa ziwe noti ndogondogo, za elfu moja na elfu mbili, ukizivunja asubuhi kwa muuza duka kwa kununua kitu cha kweli. Usiku hakuna mwenye chenji, au kila mwenye chenji anakwambia hana. Wakala wa fedha za simu wapo mjini lakini usiku wa manane watakuwa wamefunga. Beba pawabenki, kitambulisho, dawa zako za kila siku kama unatumia, karatasi laini, na kichupa cha maji ujaze kabla ya kutoka.

Kisha vizibo vya masikio. Najua utacheka. Wataalamu wa afya kazini husema sikio hustahimili desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unagawanywa kwa mbili. Piga hesabu: desibeli 100, kiwango cha kawaida karibu na spika kubwa, ni robo saa tu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 liliweka 100 kuwa wastani wa juu kwa kumbi za burudani. Vile vya povu vya duka la dawa vinatosha. Unavisokota vyembamba, unavuta sikio juu, unatia, unangoja vitanuke. Muziki hauupotezi, unapungua makali tu, na maneno ya mwimbaji mara nyingi hueleweka zaidi. Pamba ya kawaida haikingi vya kutosha.

Viatu ni vya kufunika vidole. Ndala ni za Forodhani. Ndani ya Ngome, kwenye umati unaorukaruka, kidole gumba chako kitajuta. Nguo zifunike mabega na magoti, mwanamke na mwanamume. Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wanaoishi, wenye misikiti na madrasa kila kona, na mwenyeji ambaye hasemi kitu ana haki ya kutazamwa kwa heshima kama yule anayesema. Pamba nyepesi ya rangi isiyokoza ndiyo vazi la kaskazi.

Hatua ya tano: mchana, fanya kidogo

Kama ni siku ya gwaride, lifuate, lakini lifuate upande wa kivuli wa barabara na uishie njiani. Beni likipita na matarumbeta yake, watoto mbele, vijana wakipinda miguu, ndipo tamasha linapokuwa la mji mzima na si la wenye tiketi pekee. Mimi hupenda kulisubiri mahali pamoja lipite, kuliko kutembea nalo. Shangazi hulitazama kutoka kibarazani kwa jirani yake, amekaa, kikombe cha kahawa mkononi, na yeye huwa ameona mengi kuliko mimi.

Kunywa maji kidogokidogo tangu asubuhi. Dafu ni zuri. Ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, umeshachelewa; tafuta kivuli na chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) ambazo duka lolote la dawa linazo. Kuta za Ngome ni nene na ndefu: hushika joto la mchana na kuzuia upepo wa pwani, kwa hiyo saa za mwanzo za jioni ndani ni pa moto kuliko nje. Usiingie ukiwa tayari umekauka.

Picha, omba. Mwanamke wa buibui aliyekaa barazani hakuja kwenye tamasha lako, tamasha limekuja mlangoni kwake. Na pombe, kama unakunywa, inywee mahali palipoidhinishwa kuiuza. Kutembea na chupa kichochoroni ni utovu wa adabu, na utaambiwa.

Saa tisa, kitandani. Nimeshasema.

Hatua ya sita: tumbo

Chakula kizito cha siku kiwe cha mchana, kwenye mgahawa wa kawaida wa wali na samaki au pilau, kabla ya kulala. Jioni kula vitu vidogo.

Forodhani jua likizama ni sherehe ya peke yake. Vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, taa zinawashwa, meza zinajaa. Tatizo ni kwamba meza zenye kung'ara zaidi si lazima ziwe na chakula kizuri zaidi. Mishikaki ya samaki na pweza iliyopangwa kwa urembo inaweza kuwa imekaa pale tangu zamani, na kupashwa moto haraka hakutoshi. Kanuni yangu: nakula kile ninachokiona kikitoka ubichi mpaka kuiva mbele ya macho yangu, au kinachochemka. Urojo unachemka. Mishikaki ya nyama inayogeuzwa kwenye mkaa sawa. Chapati ya mayai na nyama wanayoiita piza ya Zanzibar hupikwa ukiisubiri. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu, ila uliza barafu ni ya maji gani. Na uliza bei kabla ya kunyoosha mkono, kwa kila kitu, hata kama muuzaji anakuita kaka.

Nenda pale wenyeji wanapopanga foleni. Kwenye urojo, huwezi kuwadanganya watoto wa Unguja.

Hatua ya saba: ndani, simama wapi

Watu wote hukimbilia mbele. Mbele unaona jasho la mwimbaji, lakini unasikia ngoma na besi tu, sauti zake zinapita juu ya kichwa chako. Tafuta meza ya fundi mitambo, ile yenye vitaa vingi iliyokaa katikati nyuma kidogo. Simama karibu nayo. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake, na masikio yake yako pale. Hakuna mahali ambapo bendi itasikika vizuri zaidi, na bahati nzuri watu wachache wanajua.

Kabla hamjatawanyika, kubalianeni pa kukutania. Simu msizitegemee; watu elfu wakirusha video kwa pamoja mtandao hulala. Zamani sisi tulikuwa tunasema "mbele ya Beit al-Ajaib", jumba la kale jirani na Ngome, hadi sehemu kubwa ya mbele ya jengo hilo ilipoanguka 25 Desemba 2020. Siku hizi tunasema lango kuu la Ngome, upande wa kulia ukitoka, na saa maalumu: kila saa kamili, dakika tano. Asiyekuwepo anasubiriwa saa inayofuata. Mtindo huu umeniokoa mara mbili kumtafuta mdogo wangu, ambaye kwa kawaida hutekwa na kila ngoma.

Watoto wadogo na wazee wakae nyuma, karibu na njia ya kutokea, mbali na spika. Mwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Wazee wenye magoti, waulizie viti mapema kwa wahudumu wa tamasha. Kijana wa Kizanzibari ukimwambia "mwanangu, mzee wangu hawezi kusimama" atakutafutia, hata kama ni kreti.

Hatua ya nane: kutunza

Hapa ndipo zile noti ndogo zinapofanya kazi. Kwenye taarabu, ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda taratibu kwa kucheza mabega, unamtunza mwimbaji, unarudi. Hurushi pesa. Hubandiki noti usoni mwa mtu. Unamkabidhi mkononi, au unaweka pale wenzako wanapoweka, na hukai mbele ukitafuta kamera. Angalia akina mama wanavyofanya ndipo uinuke. Ujue pia kwamba ubeti unaoutunzia unasema kitu. Taarabu ina mafumbo, na ukienda kumtunza kwenye ubeti wa kijembe huku jirani yako amekaa palepale, mji mzima utajua umemlenga nani. Shangazi aliwahi kunivuta gauni nikiwa nimeshanyanyuka. "Kaa! Huo si wako." Sijajua hadi leo ulikuwa wa nani.

Kwenye jukwaa kubwa lenye uzio haiwezekani kila mara. Basi nunua kazi yao, wengi huuza wenyewe kando ya jukwaa, na utaje jina la wimbo uliokugusa. Msanii aliyesafiri siku mbili kufika pale hufurahi kusikia hivyo kuliko "nice, nice".

Hatua ya tisa: kutoka

Kuna njia mbili nzuri na moja mbaya. Nzuri ya kwanza, kutoka wakati wimbo wa mwisho unaanza. Nzuri ya pili, kukaa dakika ishirini baada ya taa kuwaka, umekalia khanga yako, ukingoja lango lipumue. Mbaya ni kutoka pamoja na watu wote, ukiwa umebanwa kwenye lango la mawe lililojengwa kuzuia majeshi yasiingie, si kuwatoa wapenzi wa muziki kwa haraka.

Acha simu na chaji ya kutosha kwa safari ya kurudi. Ikifika asilimia ishirini, acha kupiga video. Kama unatembea, tembeeni wawili au zaidi, pitieni njia zenye taa hata kama kichochoro ni kifupi. Vichochoro vya Mji Mkongwe hufanana usiku hata kwa wenyewe. Teksi au bodaboda, bei kabla ya kupanda, na kama dereva amelewa muziki au kitu kingine, mwache aende.

Kesho yake

Usikate tiketi ya boti ya kwanza ya asubuhi. Kata ya saa sita hivi. Masikio yakivuma kidogo yapumzishe, usiweke spika za sikioni botini. Yakiendelea kuvuma zaidi ya siku moja, muone daktari. Amka polepole, tafuta supu ya pweza au chai ya maziwa na mandazi, nenda ukamuage mwenyeji wako kwa miguu yako na siyo kwa ujumbe wa simu. Khanga ifue kwa maji baridi na chumvi kidogo, peke yake, kwa sababu kama ni mpya itatoa rangi na shati lako jeupe la tamasha litageuka waridi. Langu liligeuka.